Aliyeacha Kazi Bado Yumo Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa ufunguo! Si wa chuma. Ni neno la siri, refu, lisilotamkika. Bosi aliliandika kwenye kikaratasi, akanipa nilisome, kisha akakichana na kutumbukiza vipande ndani ya kikombe chake cha chai iliyopoa. Akakoroga kwa kalamu.

“Sasa liko kichwani mwako na kichwani mwangu,” akasema. “Na kichwa changu unakijua.”

Mpaka Ijumaa, pamoja na cheti changu cha kompyuta, nilikuwa karani wa dirishani, naandikisha wagonjwa. Jina, umri, unaumwa nini, subiri pale. Leo nimekaa chumba cha seva, chumba kidogo chenye baridi ya jokofu na mvumo usiokoma, na mashine ile nyeusi pembeni imebeba hospitali nzima. Kila mgonjwa, kila kipimo, kila kidonge. Nani asome nini, nani aandike wapi, nani asiguse kabisa – kuanzia leo ni kazi yangu. Mimi!

Sababu ni mkaguzi. Anakuja Jumanne ijayo. Anataka kila mfanyakazi aingie kwa jina lake mwenyewe, na aone yale tu yanayohusu kazi yake. Sasa hivi ni vurugu tupu. Bosi hakunificha: tukifaulu, nabaki hapa na barua ya ajira ya kudumu. Tukifeli, narudi dirishani. “Na mimi nakufuata nyuma, tutagawana kiti.”

Bosi tunamwita Tutaona. Si mbele yake. Kila unachomuuliza, jibu ni hilo.

Amri moja ya kufuta, neno moja tu likae vibaya, na wagonjwa wote wanapotea. Kwa hiyo leo sikuandika chochote. Nimeshinda nimekalia mikono yangu. Kweli kabisa – chini ya mapaja, mpaka ikafa ganzi. Woga, lakini na furaha pia. Vimebanana kwenye kiti kimoja na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza. Nimeorodhesha watumiaji wote wa seva. Bwana wee!

Mapokezi nzima wanaingia kwa jina moja: mapokezi. Neno la siri: mapokezi. Wafamasia wote wanaingia kwa jina la mwenzao aliyekwenda likizo ya uzazi, na mtoto mwenyewe sasa anatembea. Kuna mtumiaji anaitwa “mgeni” mwenye ruhusa ya kufuta. Mgeni! Unamkaribisha mtu sebuleni na unampa shoka.

Lakini nimegundua kitu kizuri, na nimekuwa nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Humpi mtu mmoja mmoja ruhusa. Unatengeneza kikundi – wafamasia, wauguzi, maabara – kikundi ndicho kinapewa ruhusa, halafu watu unawatia humo. Mtu akihama idara, unamtoa kikundi hiki unamtia kile. Basi! Hakuna kusahau kitu nyuma. Ni safi mno. Nimetengeneza vikundi saba kwenye seva ya majaribio kwanza, nikavikagua, nikavikagua tena, ndipo nikathubutu kwenye seva yenyewe. Kabla ya kubonyeza nilifumba macho. Nilipofumbua, hospitali ilikuwa bado ipo.

Nyumbani nikamweleza dada. Yeye ni fundi cherehani, ana wasichana wanne chini yake. Akasema kumbe ni kama karakana yake: mkasi ni wa mkataji, pasi ni ya mpiga pasi, na ufunguo wa kabati la vitambaa ni wake yeye tu.

“Sasa wewe umepewa nini?”

“Mimi nimepewa vyote.”

Akacheka mpaka akauachia mkono wa cherehani. “Wewe! Uliyekuwa unaogopa jogoo!” Mama akamkemea kutoka jikoni kwamba amwache mtoto wa watu. Tangu hapo jina langu humu ndani ni Bwana Funguo.

Jumatano, 5 Machi

Kuna mtu ndani!

Asubuhi nilifungua ukurasa unaoonyesha nani ameingia kwenye seva kwa sasa. Wafamasia, mapokezi, mhasibu, mimi. Na Mhandisi.

Mhandisi ndiye aliyeujenga mfumo huu. Sikumkuta. Aligombana na Bosi, akabeba kikombe chake na chaja yake, akaenda kufanya kazi kwingine, kampuni ya bima nasikia. Ni miezi mingi sasa. Na jina lake limo ndani, mchana kweupe! Halikutulia pia. Linaandika. Linaandika kwenye matokeo ya maabara – kipimo baada ya kipimo!

Roho ilinipaa. Nikaenda kwa Bosi, nikamweleza kwa kunong’ona, sijui kwa nini nilinong’ona, tulikuwa wawili tu. Bosi akavimba kama hamira imemwingia. “Nilijua! Nilijua yule mtu hajaondoka! Mwili umeondoka, mkono ameuacha.” Akaamuru: mfute. Leo hii.

Nikaandika amri ya kumfuta. Seva ikakataa! Ikasema mtumiaji huyu hafutiki, anamiliki vitu. Kumbe majedwali mengi humu aliyatengeneza kwa jina lake, kwa hiyo ni mali yake. Sharti mali ihamishwe kwanza, ndipo mwenyewe aondolewe.

Bosi akatazama skrini, akatikisa kichwa. “Hata mashine inajua mirathi. Ndugu zangu hawajui.”

Nimeshinda nikirithisha. Jedwali moja moja, kutoka kwa Mhandisi kwenda kwa akaunti ya hospitali. Na muda wote huo yeye yumo, anaandika tu, hajali, kama mtu anayekula huku nyumba inauzwa. Mara mbili nimetaka kumtumia ujumbe: wewe nani, unataka nini? Sikuthubutu. Lakini sijapata kufurahi kazini hivi. Najisikia kama mwindaji – mwindaji anayetetemeka, lakini mwindaji.

Mali ya mwisho imehama Bosi akiwa ameshavaa koti. Tumekubaliana: kesho asubuhi, wote wawili tukiwepo, tunamtoa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku gani hii! Siku gani!

Asubuhi Bosi alisimama nyuma ya kiti changu. Nikaandika. Nikasoma. Nikabonyeza. Jina la Mhandisi likatoweka kwenye orodha, fyu! Bosi akanipa mkono, wa kweli, wa kiume, akautikisa mpaka bega likauma.

Hatujaachiana mikono, simu ikalia. Maabara.

Ni mkuu wa maabara, mzee mpole ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti. Leo amepaza. “Mashine yangu imekuwa bubu! Inapima, haitoi! Wodi zote zinanipigia, mmenifanya nini huko juu?”

Nilielewa kabla hajamaliza. Yule mwizi. Yule niliyemwinda siku nzima. Si mtu! Ni mashine ya kupima damu, kitu kikubwa kama jokofu, kimesimama pale maabara na kibandiko cha ua ubavuni. Mhandisi alipoiunga na seva aliipa jina lake yeye, lake na la mashine likawa moja. Yeye akaondoka. Mashine ikabaki inafanya kazi kwa uaminifu, haina habari ya ugomvi wa mtu.

Bosi akaushika mgongo wa kiti changu. “Mrudishe!” akasema. Nikasema amefutwa. “Basi tengeneza jina jingine, ulipatie ruhusa zote, kila kitu, mambo yaishe. Tutapunguza baadaye.”

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni hofu ilizidi ikapitiliza upande wa pili. Nikasema, “Bosi, hiyo baadaye ndiyo iliyotufikisha hapa. Nipe dakika chache.”

Nikaunda jina jipya: mashine ya maabara. Nikalipatia ruhusa ya kuandika kwenye matokeo. Mzee wa maabara akiwa kwenye simu akaweka jina jipya kwenye mashine yake, akajaribu. Imekataa. Fikiri, fikiri! Haiwezi kuandika matokeo ya mtu isiyemjua – nikaipa ruhusa ya kusoma namba za wagonjwa. Namba tu, si majina, si magonjwa. Jaribu. Imekataa! Bosi anapumua shingoni kwangu. Nikasoma lile kosa neno kwa neno, kama mtihani. Ahaa – kuna kihesabu. Kila tokeo linachukua namba yake kwenye kihesabu, kama watu wanavyochukua tiketi za foleni. Mashine imefika mlangoni, imekatazwa tiketi. Nikaipa. Jaribu, mzee wangu.

Mlio wa printa kwenye simu, halafu yule mzee akipiga kelele kama timu yake imefunga bao: “Zinateremka! Zinateremka!”

Ruhusa tatu. Hizo tu. Mashine inafanya kazi yake yote na haiwezi kugusa kingine chochote humu duniani. Nilienda chooni nikacheka, nikatapika kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Ijumaa, 7 Machi

Habari imefika kila kona. Mfagizi amenisalimu, “Habari yako, Mkamata Mashine.” Wafamasia wanauliza kama jokofu lao nalo ni jambazi. Nacheka nao. Afadhali kuchekwa kuliko kuogopwa.

Leo kila mtu amepewa jina lake. Wamepanga foleni mlangoni kwangu – kwangu! – mmoja mmoja anaingia, anachagua neno la siri, natazama ukutani wakati anaandika. Daktari wa mifupa alitaka neno la siri liwe “daktari”. Mfumo ukakataa, ni fupi. Akaandika “daktarimkubwa”. Nilitazama ukuta kwa nguvu zote.

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto alikuja wa mwisho. Wanamwita Honi. Mwanamke mnene, mchangamfu, akinong’ona anasikika mtaa wa pili. “Mwanangu,” akasema, “mimi jina langu linajulikana mbinguni na duniani, sasa na nyie mnalitaka?” Akachukua, lakini akaondoka anaguna. Sikujua anaguna nini.

Jioni Bosi ametia sahihi waraka wa ruhusa, nakala kwa mkaguzi. Kanuni kubwa ni yangu, nimeiandika mwenyewe na naipenda: kila wodi inaona matokeo ya vipimo vilivyoagizwa na wodi hiyo, basi. Nimechora wodi zote kama ramani, kuta zake zimenyooka. Bosi ameupiga mhuri mpaka meza ikaruka.

“Kuanzia sasa mpaka mkaguzi aondoke,” amesema, “hakuna hata nukta inayobadilika.”

Barua yangu ya ajira imeshachapwa. Nimeiona kwenye meza yake. Haina sahihi bado, lakini jina langu limo, na hawakulikosea!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda kazini nusu siku, bila kuitwa. Kuangalia tu.

Seva inaweka kumbukumbu za wote wanaobisha hodi na kukataliwa. Nikazifungua. Mhandisi. Amekataliwa. Mhandisi. Amekataliwa. Mhandisi tena, na tena, tangu juzi asubuhi.

Si mashine. Mashine ina jina lake sasa, nimehakikisha. Huyu ni mtu, na anabisha kutoka humu humu. Kumbukumbu inaonyesha kompyuta anayotumia: wodi ya watoto.

Sijamwambia Bosi. Mara ya kwanza nilikimbia kusema, nikakamata jokofu.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Sikula vizuri. Mama ameuliza kama ni homa au ni mwanamke. Dada amesema, “Ni seva.” Nikawaeleza.

Dada aliendelea kupinda pindo la suruali, pini mdomoni. “Kwa hiyo kuna mtu mzima anabisha mlango ulioufunga wewe, na wewe hujaenda hata kumwuliza anataka nini?”

“Naogopa.”

“Ogopa ukiwa njiani.”

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshuka wodi ya watoto.

Honi alikuwa amembeba mtoto mchanga begani, anampigapiga mgongo, mkono mwingine unaandika. Nikamwuliza kwa adabu, nikakwama, nikaanza upya. Akanitazama.

“Ni mimi,” akasema. Hakupunguza sauti hata kidogo. “Mimi na wenzangu wote. Yule mhandisi wenu alituachia jina lake. Unataka kunipeleka polisi, nipeleke, ila mshike kwanza huyu.” Akaniwekea mtoto mikononi! Sijawahi kushika kitu kidogo hivyo. Nilisimama kama mti.

Akanieleza. Mtoto anazaliwa wodi ya wazazi, chini. Damu inachukuliwa kule kule, kipimo kinaagizwa kwa jina la wodi ya wazazi. Mtoto akiwa na shida analetwa juu kwao, pengine saa hiyo hiyo. Matokeo yanatoka – yanakwenda wodi ya wazazi. “Mtoto ameshapanda, damu yake imebaki chini. Mimi ndiye ninayemtibu, na mimi ndiye nisiyeona.” Mhandisi alilijua tatizo. Hakulirekebisha, alikuwa na haraka zake, akawaambia tumieni jina langu mpaka apatikane mtu wa kulitengeneza. Kisha akagombana, akaondoka.

“Na sasa mnafanyaje?”

“Tunapiga simu chini watusomee. Wakishika.”

Nimesoma mpaka nimechoka kusoma, na nimechora wodi kama ramani ya nyumba. Sikufikiri kwamba watoto wanavuka kuta. Mtoto alinipigia chafya kifuani. Nikamrudisha kwa Honi, nikapanda ngazi kwa mbio.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu. Kisha akasema: “Tutaona.” Nikasema Bosi, kesho pia watazaliwa watoto. Akasema waraka umeshatiwa sahihi na nakala iko kwa mkaguzi, tukigusa kitu leo, alichonacho mkononi kitakuwa uongo, na uongo ndio anaoutafuta. “Si wanapiga simu? Waendelee kupiga simu. Ni siku moja, kijana. Siku moja! Keshokutwa nakuruhusu ufanye unavyotaka.” Akasogeza ile barua yangu, akaiweka chini ya mkono wake. “Dirishani hawajampata mtu bado.”

Nimerudi kwenye seva ya majaribio, kule hakuna aliyenikataza, na nimetengeneza njia. Nyembamba! Sikuwafungulia wodi ya watoto matokeo yote ya wazazi, hapana, mama ana siri zake. Wanaona matokeo ya mtoto aliyelazwa kwao sasa, popote damu ilipotolewa. Mama yake hawamwoni. Mtoto akitoka kitandani kwao, naye hawamwoni tena. Nimeijaribu kwa wagonjwa wa kubuni, mapacha, mtoto aliyehama na kurudi, mtoto asiye na jina bado. Imepita yote. Nimependa kazi hii mpaka machozi.

Imekaa pale, tayari. Amri moja tu kuihamisha kwenye seva yenyewe. Nimeiandika. Nimeifuta. Nimeiandika tena. Nimeifuta. Nimezima skrini, nimekuja nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha seva. Mlango umefungwa. Wao wako ndani.

Harakaharaka, kabla sijaitwa.

Mkaguzi ni mama mfupi, viatu vya raba, haachi kumung’unya pipi ya kikohozi. Hana maneno. Alikaa pembeni yangu na waraka wetu mapajani, akawa anauliza na mimi naonyesha. Nani anaweza kufuta? Namwonyesha. Mfamasia anaweza kubadilisha kipimo? Hawezi, tazama, namwonyesha. Mashine ya maabara ina ruhusa gani? Tatu! Akainua nyusi, akaandika alama ya vema. Niliiona! Vema, vema, vema, ukurasa mzima. Bosi nyuma yetu anatabasamu kama baba wa bibi harusi. Barua yangu imo kwenye mfuko wa shati lake, amenionyesha ncha yake asubuhi.

Simu ikalia. Nikashika. Honi.

Nadhani hakuna haja ya kusema kwamba chumba kizima kilisikia.

“Mwanangu! Nina mtoto hapa, wa jana, amekuwa wa manjano mpaka machoni, anatakiwa kubadilishwa damu sasa hivi! Damu imeshaletwa! Daktari ananisubiri nithibitishe kundi lake, na skrini inaniambia sina ruhusa. Sina ruhusa!”

Bosi akainama sikioni kwangu. “Apige wodi ya wazazi.”

“NIMEPIGA!” Alimsikia. “Wako wote chumba cha kuzalishia, hawashiki! Nimemtuma mtu, amekuta ofisi imefungwa! Maabara nako nimepiga, laini inatumika!”

Nikamtazama Bosi. Akatikisa kichwa. Usoni alikuwa na hofu – sikuwahi kumwona na hofu, nilidhani hofu ni yangu peke yangu humu. Nikamtazama mkaguzi. Aliacha kumung’unya. Kalamu yake aliitoa kwenye karatasi, akaishika juu, akangoja.

Nikaandika ile amri. Sikufumba macho. Nikaisoma mara moja, ilikuwa sahihi, nilikuwa naijua kwa moyo. Nikabonyeza.

“Ifungue upya,” nikasema.

Mvumo wa seva tu.

“Nimeiona,” akasema Honi. Kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo. Akakata simu, hata asante hakusema, na alifanya vizuri.

Mkaguzi akageuza waraka upande wa wodi ya watoto. Akauliza, taratibu: “Ruhusa uliyoitoa sasa hivi, imo humu?”

“Haimo,” nikasema. Bosi naye akasema, “Haimo,” sauti zetu zikagongana. Mkaguzi akaniomba nitoke nje kidogo.

Basi ndiyo niko hapa. Mikono yangu iko juu ya magoti, naitazama. Imetulia. Ajabu! Moyo ndio unakwenda mbio, lakini si mbio za kukimbia kitu. Hata nikirudishwa dirishani leo, jambo lenyewe limeshafanyika, na kwenye kumbukumbu za seva limeandikwa nani amelifanya. Jina langu. Si la mtu aliyekwenda likizo, si la mtu aliyeacha kazi.

Mmoja wa wauguzi wa Honi amepita hapa na sanduku tupu la barafu, lile la kubebea damu. Hakusimama. Amesema tu, “Wameanza.”

Wameanza!

Ndani namsikia Bosi. Vipande vipande. “…kijana bado… kwa majaribio… hakuagizwa na mtu…” Mkaguzi simsikii kabisa.

Ametoka. Mkaguzi. Amesimama mbele yangu na waraka mkononi, nami nikasimama. Akasema ana swali moja tu. “Hilo pengo la wodi ya watoto. Mmelijua leo, simu ilipolia? Au mlilijua kabla ya leo?”

Kabla sijafungua mdomo simu yake ikalia. Akainua kidole, subiri, akaenda mwisho wa korido kuongea, mgongo wake kwetu. Nikakaa chini kuandika haya kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Bosi yuko mlangoni. Hanong’oni hata, anachora maneno kwa midomo: Leo. Sema leo. Ametoa barua mfukoni, ameifungua, ametia sahihi juu ya fremu ya mlango, mbele ya macho yangu. Anaipunga ikauke.

Mkaguzi ameshatia simu mkobani. Anakuja. Bosi naye anakuja, kutoka upande huu, na barua yake. Nimeshasimama, naandika nikiwa nimesimama, na neno la kwanza liko mdomoni tayari, ni “Jana, mama, mimi na Bosi wote wawi–